Kilo Saba: Kutafuta Begi la Mgongoni la Kupanda Nalo Ndege na Kamera Kubwa

Begi langu la kwanza la kamera kubwa nililichagua kwa macho. Lilikuwa jeusi, lina zipu nene za kuzuia maji, sponji kila upande, na mikanda mingi kiasi kwamba mingine sikuwahi kujua kazi yake. Nyumbani nililiweka juu ya mizani likiwa tupu, kwa udadisi tu: kilo 2.7. Sikuona shida. Begi zuri lazima liwe na uzito, nilijiambia.

Shida niliiona wiki tatu baadaye, kwenye kaunta ya shirika la ndege. Mhudumu aliniomba, kwa upole kabisa, niliweke begi la mkononi kwenye mizani. Mwisho ulikuwa kilo 7. Mizani ikasoma 9.4. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu na kimya, ule ukimya wa watu wanaokutazama kisogoni. Nikapiga magoti, nikafungua zipu, nikaanza kujivika vifaa. Kitambaa cheusi cha kujifunika wakati wa kulenga nikakizungusha shingoni kama mtandio. Holda sita za filamu nikazigawa kwenye mifuko ya koti. Lenzi mbili zikaingia mifuko ya suruali, moja kila paja. Tukapima tena: 6.9. Mhudumu akanibandikia lebo, akanitakia safari njema. Nilitembea hatua kama kumi, nikageuka pembeni ya nguzo, nikarudisha kila kitu begini. Ndege ilibeba uzito uleule. Mimi nilijua, naye alijua, na nadhani foleni nzima ilijua.

Tangu siku hiyo nimebadilisha mabegi mara tatu. Muda wote huo nilikuwa nahangaika na swali moja: begi gani litameza vifaa vyangu vyote? Ilinichukua miaka, na kioo kimoja kilichovunjika, kugundua kwamba swali la kuanzia ni jingine kabisa: wakilichukua begi hili mlangoni mwa ndege, mkononi nitabaki na nini?

Kwa asiyezijua kamera hizi, niseme kidogo. Kamera kubwa ninayoizungumzia hutumia filamu bapa, kipande kimojakimoja, inchi 4 kwa 5. Haina injini wala skrini. Ni fremu mbili zilizounganishwa na mvukuto: mbele unafunga ubao wenye lenzi, nyuma kuna kioo chenye ukungu ambacho picha hutua juu yake ikiwa imepinduka, miguu juu kichwa chini. Ukishalenga, unachomeka holda, yaani kibao chembamba kinachobeba vipande viwili vya filamu, kimoja kila upande, kila kimoja kikiwa nyuma ya bamba linalozuia mwanga. Holda sita ni picha kumi na mbili. Mtu mwenye simu hupiga picha kumi na mbili za kikombe cha chai.

Kwa hiyo kazi ya begi hili ni tofauti na ya begi la kamera za kawaida. Huhitaji kuchomoa kamera kwa sekunde mbili, maana hata ukiichomoa itakuchukua dakika kumi kuifungua, kuisimamisha kwenye tripodi na kuingia chini ya kitambaa. Mifuko ya pembeni ya kuvutia kamera haraka, ambayo watengenezaji wengi wanaisifia sana, kwetu ni uzito wa bure.

Sasa tuje kwenye mizani, kwa sababu hapo ndipo begi linapochaguliwa. Niliviweka vifaa vyangu mezani, kimoja baada ya kingine, nikaandika. Kamera ya mbao inayokunjwa: kilo 1.5 (ile ya chuma niliyoanza nayo ilikuwa 2.6, na niliiacha kwa huzuni). Lenzi tatu pamoja na mbao zake, ya milimita 90, ya 150 na ya 300: kilo 1.3. Hapa kuna siri ndogo. Lenzi za kamera hizi zenye uwazi mdogo wa kupitisha mwanga, kama 90 ya f/8 au 300 ya f/9, ni nyepesi kuliko dada zao wenye uwazi mkubwa kwa tofauti ya kushangaza. Nikkor-M ya milimita 300 haifiki hata gramu 300. Ukilenga huona giza zaidi kwenye kioo, lakini mgongo hukushukuru. Tuendelee: holda sita, kilo 1.2. Maboksi mawili ya filamu, gramu 400. Kipima mwanga, 250. Kitambaa cheusi, 350. Kioo cha kukuzia, waya wa kufyatulia, kipimo cha usawa na brashi ya vumbi, 300.

Jumla: kilo 5.3. Kwenye posho ya kilo 7 imebaki 1.7 kwa begi lenyewe. Rudi sasa utazame begi langu la kwanza, la kilo 2.7. Lilikuwa limeshakula zaidi ya theluthi ya posho kabla sijaweka hata lenzi moja.

Ndiyo maana mtu akiniuliza begi gani ninunue, mimi huuliza kwanza anasafiri na shirika gani. Yapo mashirika yanayokuruhusu kilo 23 za mkononi mradi tu uweze kulinyanyua begi mwenyewe. British Airways ni mfano. Yapo ya kilo 12, yapo ya 10, ya 8, na yapo mengi mno ya 7. Mwenye bahati ya kusafiri na wale wa kwanza siku zote anunue ngome yoyote aipendayo. Sisi wengine tunahesabu gramu. Na safari yenye ndege mbili za mashirika mawili hufuata sheria ya aliye mkali zaidi, jambo ambalo ni rahisi kulisahau ukiwa unashangilia bei ya tiketi.

Vipimo vya umbo navyo vina mtego wake. Shirikisho la mashirika ya ndege, IATA, lina kipimo cha mwongozo cha sentimita 56 kwa 45 kwa 25, na watengenezaji wa mabegi hupenda kukinukuu kana kwamba ni sheria ya dunia. Si sheria. Kila shirika lina chake: wengi wa Ulaya hutaka 55 kwa 40 kwa 23, wengine hushuka mpaka 20 kwa kina, na mashirika makubwa ya Marekani yanasema inchi 22 kwa 14 kwa 9, ambazo ni takriban 56 kwa 36 kwa 23. Hivyo vyote ni vipimo vya nje, pamoja na vishikio, mifuko na magurudumu.

Kina ndicho kinachotuponza. Toa sponji ya mbele, toa pedi za mgongoni, na begi lenye kina cha sentimita 23 kwa nje linakubakishia 16 au 17 ndani. Kamera ya mbao iliyokunjwa huwa na unene wa kama sentimita 10, hivyo inalala vizuri na juu yake pakabaki nafasi ya kitambaa. Kamera za reli moja, zile za studio, ni mtihani mwingine: reli inajitokeza, fremu ni pana, na mara nyingi lazima uifungue kamera vipande vipande. Nilimwona mwenzangu mmoja akifanya hivyo kwa ufundi, reli pembeni, mvukuto umelazwa kama akordioni, fremu zimebanana. Ilikuwa kama kutazama mtu akipanga vyombo kwenye kabati la mtu mwingine. Wenye kamera za inchi 8 kwa 10 nawaheshimu, ila kwao sina ushauri zaidi ya huu: kamera na holda tatu ndani ya ndege, mengine Mungu anajua.

Magurudumu sahau. Yanaongeza kilo nzima au zaidi na yanakula kina, halafu ukishatua na kuanza kupanda kilima, unabeba magurudumu.

Katika mabegi ya mgongoni kuna makabila mawili. La kwanza ni mabegi ya kamera yaliyoshonwa kwa kazi hiyo: sponji imo mwilini mwa begi, vigawanyo unavihamisha upendavyo, na begi lote linafunguka. Yanalinda vizuri ila ni mazito, na vigawanyo vyake vimekatwa kwa kufikiria lenzi za duara, ndefu, kama chupa. Lenzi zetu zimefungwa kwenye ubao bapa. Zinataka kitanda, si kikombe. Kuna begi la Gura Gear linaloitwa Kiboko, jina lililonifanya nicheke peke yangu niliposoma mara ya kwanza, maana sijui kama walimaanisha mnyama, mjeledi, au ile ya mtaani ya kwamba kitu ni kiboko. Linafunguka katikati kama milango miwili ya kabati, na kwa begi la aina yake si zito. Nililipenda, ila mkao wake wa milango miwili uliigawa kamera yangu na holda zake kwa namna ambayo sikuizoea.

Kabila la pili ni begi la kawaida la kupandia milima, jepesi, ambalo ndani yake unatumbukiza kisanduku cha sponji chenye zipu. Kampuni ya F-Stop, kwa mfano, huuza begi peke yake na kisanduku cha ndani peke yake, katika saizi tofauti. Unaweza pia kununua kisanduku popote na kukitia ndani ya begi lolote linalokitosha. Huku ndiko nilikohamia, na sikuhama kwa sababu ya uzito peke yake.

Nilihamishwa na ndege ndogo. Siku moja nilikuwa na safari mbili za ndege, na ya pili ilikuwa kwa ATR 72, ndege ya panga boi ambayo makabati yake ya juu ya viti huonekana kama yalitengenezwa kwa ajili ya kofia. Begi langu, la pili sasa, lilikuwa limepita vipimo vyote kwenye ndege kubwa asubuhi. Chini ya ngazi, kwenye lami, kijana mwenye kizibao cha njano akanyoosha mkono: mabegi yote ya mgongoni yanakwenda chini, utalikuta ukishuka. Nikaanza kueleza. Mvua ilikuwa inaanza. Watu walikuwa nyuma yangu. Ningeweza kutoa lenzi, lakini zilikuwa katika vigawanyo vitatu tofauti, filamu ziko mfuko wa juu, na kamera ilikuwa chini kabisa. Kwa sekunde ishirini nilizopewa, nilichofanikiwa kutoa ni kipima mwanga na boksi moja la filamu. Begi likaenda.

Nililiona likirushwa. Hapana, niwe mkweli: nililiona likiwekwa, halafu begi la mtu mwingine likirushwa juu yake.

Tulipotua lilikuwa zima kwa nje. Kioo chenye ukungu kilikuwa na ufa kutoka kona moja hadi katikati ya upande wa pili, na nilipokigusa kipande kikaanguka mkononi. Lenzi zilikuwa salama, kamera salama, filamu salama. Lakini bila kioo hicho huwezi kulenga wala kuona kama picha imekaa kali. Una sanduku la mbao tu. Nilikaa kitandani katika chumba cha wageni nikiwa na kifuniko cha plastiki safi kutoka kasha la diski, kisu, na selotepu ile ya kufifia isiyong'aa. Nikakata plastiki kwa kipimo cha kioo, nikabandika selotepu mistari kwa mistari upande unaoelekea lenzi, nikiisugua kwa ukucha ili viputo vya hewa vitoke. Mistari ya maungio ilionekana kwenye kila picha niliyolenga, kama picha iliyo nyuma ya wavu. Nilifanya kazi hivyo siku nne. Picha zilitoka kali, sijui kwa ustadi au kwa sababu nilifunga lenzi mpaka f/32, uwazi mdogo sana, kila mara kwa woga.

Siku hizi kioo hufunikwa na kipande cha plastiki ngumu cha milimita 3, kilichobanwa kwa mipira, na kamera hulala kioo kikielekea mgongo wangu. Na kisanduku cha ndani kina kishikio. Hilo la kishikio naliona kubwa kuliko zipu zote za dunia. Kijana wa kizibao cha njano akinyoosha mkono, nafungua zipu moja, nachomoa kisanduku chenye kamera, lenzi na filamu, nampa begi lililobaki na sweta, kitambaa na holda tupu. Kisanduku kinakaa chini ya kiti cha mbele yangu, hata kwenye ATR. Kabla hujanunua begi lolote, lifanyie jaribio hilo dukani: lijaze, simama, hesabu mpaka kumi, uone umetoa nini.

Jaribio la pili linahusu ukaguzi, na hapa filamu ndiyo yenye amri. Filamu ambayo haijasafishwa haipaswi kamwe kwenda tumboni mwa ndege, kwa kuwa eksirei za mizigo ile ni kali na zitaiunguza. Kwenye mzigo wa mkononi, mashine za zamani zilikuwa na huruma kwa filamu za kasi ya kawaida. Mashine mpya za CT, zinazolipiga begi eksirei kutoka kila upande, hazina, na Kodak imewaonya wapiga picha kwamba hata kupita mara moja kunaweza kuacha ukungu kwenye filamu. Dalili mojawapo ya kuzitambua: ukiambiwa kompyuta yako ibaki ndani ya begi, huenda unaitazama CT. Hapo unaomba filamu zikaguliwe kwa mkono. Omba mapema, omba kwa adabu, na uwe tayari kujibiwa hapana. Vifuko vya madini ya risasi vya kukinga eksirei havisaidii. Mkaguzi huona doa jeusi kwenye skrini yake na anachotaka ni kujua kuna nini ndani.

Tatizo la filamu bapa ni kwamba mkaguzi hajawahi kuiona. Filamu ya milimita 35 anaijua, au mama yake alikuwa nayo. Boksi bapa la kadibodi lililozungushiwa selotepu ni kitu kinachoomba kufunguliwa. Wakati mmoja nilikuwa bado navaa mkanda nikasikia sauti ya kadibodi ikisuguana. Maboksi haya yana vifuniko vitatu vinavyovaana, na mkaguzi, mtu mpole mwenye glavu za bluu, alikuwa ameshavua cha kwanza na anakwangua cha pili. Nilipiga kelele ambayo haikufaa mahali pale. Walinzi wawili waligeuka. Yeye akaacha mikono hewani kama mtu aliyeshikiwa bastola, na vipande vyangu ishirini na tano vya filamu, vikiwa bado ndani ya mfuko wao mweusi, vikabaki gizani.

Tangu hapo nasafiri na boksi la maonyesho. Ni boksi tupu la aina ileile, ndani yake kipande kimoja cha filamu kilichoharibika zamani. Namkabidhi mkaguzi lile kwanza: fungua, shika, angalia, haya mengine mawili ni hivihivi ila yakiona mwanga yamekufa. Wengi hutabasamu, husugua nje ya boksi kwa kile kitambaa chao cha kupimia baruti, na kunirudishia. Filamu zote hukaa kwenye mfuko mmoja wa plastiki unaoonekana ndani, juu kabisa ya kisanduku, na holda husafiri zikiwa tupu ili zipite eksirei bila mjadala. Mtu anayesafiri na holda zilizojazwa anamwomba mkaguzi avute bamba aone kuna nini. Atavuta. Hiyo ndiyo kazi yake.

Kwa hiyo begi liwe linafunguka lote, tena kwa upande wa mgongoni. Mabegi yanayofunguka juu pekee, kama gunia, ni mepesi na yananivutia kila ninapoyaona, ila kwenye meza ya ukaguzi utajikuta umemwaga maisha yako yote ili kufikia mfuko mmoja. Upande wa mgongoni una faida nyingine ukifika porini: unalilaza begi kwenye tope kwa uso wake, mikanda ikitazama juu, na mgongo wako unabaki mkavu.

Tripodi iende na mizigo ya chini, imeviringishwa ndani ya nguo, kichwa kimefunguliwa. Vibisibisi na koleo vilevile. Betri za akiba za lithiamu ni kinyume chake, hizo lazima ziwe nawe ndani. Mfuko wa giza wa kubadilishia filamu, gramu 500, nao huenda chini, na ukipotea nina mpango: bafu lisilo na dirisha na taulo chini ya mlango.

Begi nililonalo sasa lina kilo 1.3, kisanduku chake gramu 400. Ni la kijivu na halina sifa yoyote. Mkanda wa kiunoni unachomoka, jambo ambalo nilidhani ni urembo mpaka siku nilipoona ulivyokuwa ukining'inia nje ya kile kijisanduku cha kupimia mabegi getini. Kwa hesabu ya mezani, vifaa na begi vinagonga kilo 7 kamili.

Ila hesabu ya mezani haikuwa na pasipoti. Wala chaja, wala miwani, wala sweta. Nasafiri kesho alfajiri, na mizani ya hapa sebuleni inasoma 7.4. Lenzi ya milimita 300 nimeshaitoa mara mbili na kuirudisha mara mbili. Holda mbili zimekaa ukingoni mwa meza, hazimo wala hazijaachwa. Koti langu lenye mifuko mipana liko mlangoni, nimelitundika mahali ambapo siwezi kulisahau.